Usafi wa Bukoba: nani anawajibika, na kwa nini unamhusu mkulima wa Muleba

Kila siku magari na pikipiki huingia mjini Bukoba zikiwa na mikungu ya ndizi kutoka Muleba, Karagwe, Misenyi na Bukoba Vijijini. Ndizi zinaliwa. Maganda, vikonyo na majani yaliyofungia mzigo hubaki mjini, na kuanzia hapo ni mzigo wa halmashauri.

Wasikilizaji wengi huuliza: mji ukichafuka, wa kulaumiwa ni nani? Manispaa? Mwenyekiti wa mtaa? Mfanyabiashara? Na sisi tunaoishi kijijini, jambo hili linatuhusu nini?

Makala hii inaeleza kazi ambazo sheria imewapa viongozi wa serikali za mitaa katika kutunza mazingira ya mji, mahali kazi hizo zinapokwama, na nafasi ya mwananchi wa mjini na wa kijijini.

Kwa ufupi

- Kuzoa na kutupa taka ngumu ni wajibu wa halmashauri kisheria.
- Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na mazao. Zikitengwa mapema huwa mbolea. Zikichanganywa na plastiki na chupa huwa uchafu usio na faida.
- Mji wa Bukoba hunywa maji ya ziwa lile lile linalopokea maji ya mitaro yake.
- Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.
- Mwananchi ana haki ya kuuliza ada ya taka inakusanywa vipi na inatumika wapi.

Mji wenye mvua nyingi, kati ya vilima na ziwa

Bukoba si mji mkubwa ukilinganisha na Mwanza au Dar es Salaam. Manispaa ina kata 14, kuanzia Bilele, Miembeni na Bakoba hadi Kashai, Hamugembe, Rwamishenye, Kibeta na Nyanga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,796.

Kinachoupa mji huu kazi ngumu ni mahali ulipo. Upande mmoja kuna vilima, upande wa pili Ziwa Victoria, na katikati kuna maeneo ya chini yenye majimaji. Mto Kanoni unapita mjini na kumwaga maji yake ziwani.

Tena Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini. Kwa wastani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma hupata chini ya theluthi moja ya hizo. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo mvua kubwa, kisha vuli hufuata kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Maana yake ni hii: taka iliyotupwa mlimani Jumatatu, mvua ikinyesha Jumanne, Jumatano iko mtaroni, mtoni au ziwani. Katika mji mkavu taka inaweza kukaa pale ilipotupwa wiki nzima ikimsubiri mzoaji. Bukoba hakuna muda huo.

Nani anafanya nini?

Watu wengi husema "serikali" kana kwamba ni ofisi moja. Katika mazingira ya mji kuna ofisi kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

*Halmashauri ya Manispaa.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu: kuzikusanya, kuzisafirisha na kuzitupa mahali palipopangwa. Halmashauri inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe au kumpa mkandarasi au kikundi. Ikimpa mwingine kazi, wajibu wenyewe unabaki kwake.

*Baraza la Madiwani.* Hili ndilo hupitisha bajeti na sheria ndogo. Ada ya taka, faini ya kutupa ovyo na siku za usafi huwekwa kwa sheria ndogo. Kabla haijaanza kutumika, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili aidhinishe, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Amri ya mdomo ya kiongozi haiwi sheria ndogo.

*Kata na mtaa.* Mtendaji wa kata, afisa afya na mwenyekiti wa mtaa ndio wanaokutana na kaya kila siku. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi uliopita ulifanyika Novemba 27, 2024.

*BUWASA.* Hii ni mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Bukoba. Inashughulikia maji ya bomba na majitaka. Mfereji wa mvua mbele ya duka lako si wake.

*NEMC na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.* NEMC husimamia sheria ya mazingira nchi nzima. Bodi ya bonde hulinda vyanzo vya maji, ikiwamo mito na ziwa.

Ukijua mgawanyo huu hutazungushwa. Kizimba kikijaa, nenda mtaani na kwenye kata. Chemba ikifurika, nenda BUWASA. Mtu akijenga ukingoni mwa ziwa, manispaa, NEMC na bodi ya bonde zote zina la kufanya.

Safari ya taka

Taka ya nyumbani hupitia hatua nne. Kwanza huwekwa kwenye ndoo, kiroba au shimo. Pili hupelekwa kwenye kizimba, au hupitiwa na mzoaji mwenye mkokoteni, guta au gari. Tatu hubebwa na lori. Nne humwagwa dampo.

Viongozi na wananchi huzungumza zaidi kuhusu hatua ya tatu: magari hayatoshi, gari limeharibika, mafuta hayapo. Hizo ni shida za kweli. Lakini gharama yote ya mbele huamuliwa na hatua ya kwanza.

Nyumba ikichanganya maganda, mchuzi, chupa, nepi na mifuko katika kiroba kimoja, kila kitu kinakuwa kizito na kinanuka. Chupa ya plastiki ambayo mtu angeinunua inachafuka na kukosa bei. Ganda ambalo lingekuwa mboji linakuwa na vipande vya vioo ndani yake, na hakuna mkulima atakayelitaka. Halmashauri inalipia mafuta ya lori kusafirisha maji na matope, maana ganda bichi la ndizi sehemu yake kubwa ni maji.

Nyumba ikitenga vyombo viwili, kimoja cha vitu vinavyooza na kingine cha vitu vikavu, lori lina kazi ndogo na dampo linachelewa kujaa. Ndiyo sababu wataalamu wa taka huanza na ndoo ya jikoni kabla ya kuzungumzia magari.

Rutuba iliyohamia mjini

Hapa ndipo habari inamgusa mkulima.

Wazee wa Kagera walijua kwamba kibanja hakijilishi chenyewe. Migomba na kahawa vilistawi kwa sababu samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya zililetwa kibanjani mwaka hadi mwaka. Maganda ya ndizi zilizopikwa nyumbani yalirudi shambani au yalilishwa mifugo. Kilichotoka kwenye udongo kilirudi kwenye udongo.

Ndizi inayouzwa mjini hairudi. Chukua mfano wa mkungu wa kilo 30. Maganda na kikonyo ni karibu theluthi moja, yaani kama kilo 10. Mikungu 100 ikishushwa sokoni, takriban tani moja itaishia kuwa taka. Ndani ya tani hiyo kuna potasiamu nyingi, kirutubisho ambacho mgomba hukihitaji kuliko mazao mengi. Mkulima anapoona mikungu inapungua ukubwa mwaka baada ya mwaka, sehemu ya sababu ni kwamba rutuba ya kibanja imesafiri na gari la ndizi.

Kwa hiyo manispaa ina taka isiyojua iende wapi, na mkulima ana udongo unaodai chakula. Kati yao panakosekana mtu wa kutenga, kuozesha na kurudisha.

Halmashauri inaweza kuziba pengo hilo bila kujenga kiwanda. Njia rahisi ni kuanza na soko, kwa sababu taka za sokoni hutoka mahali pamoja na nyingi huoza. Kizimba cha maganda peke yake, msimamizi wa kukilinda kisichanganywe, na eneo la kuozeshea vinatosha kuanzia. Kikundi cha vijana au akina mama kinaweza kupewa kazi hiyo kwa mkataba.

Mtaji nao unaweza kutafutwa ndani ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha mboji kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote.

Tahadhari: unyanjano

Usichukue maganda mabichi mjini na kuyamwaga moja kwa moja kibanjani.

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao wengi Kagera tunauita unyanjano, uligunduliwa mkoani kwetu katikati ya miaka ya 2000, na Muleba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuathirika. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, panga lililokata mgomba mgonjwa, miche kutoka shamba lenye ugonjwa, na mabaki ya migomba yanayohamishwa ovyo.

Maganda ya sokoni yametoka mashamba mengi usiyoyajua. Yaozeshwe kwanza mpaka yawe mboji kamili. Hatua ni hizi:

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na mto na kisima, na mbali na mashina ya migomba.
2. Anza na tabaka la vijiti au mabua ili hewa ipite.
3. Weka maganda yaliyokatwakatwa, kisha majani makavu au nyasi, kisha samadi au udongo kidogo. Rudia mpaka lundo lifike karibu kimo cha kifua.
4. Funika kwa majani ili mvua isioshe rutuba. Katika mvua za Bukoba hatua hii ni ya lazima.
5. Chomeka mti mrefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache uchomoe. Ukiwa moto, uozaji unaendelea vizuri. Ukiwa baridi na mkavu, nyunyiza maji. Ukiwa baridi na umelowa, geuza lundo na ongeza vitu vikavu.
6. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viingie ndani. Joto la katikati ndilo linaloua vijidudu, kwa hiyo kila sehemu lazima ipite katikati.
7. Baada ya miezi mitatu au zaidi mboji huwa nyeusi, hukatika mkononi, na hunuka kama udongo wa msituni. Ukiona bado kuna ganda, haijaiva.

Shambani endelea na kanuni za kawaida: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, safisha panga kwa moto au dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na mwone afisa ugani mara unapoona majani yakinyauka au ndizi zikiiva kabla ya wakati.

Mto Kanoni, mitaro na mita 60

Mvua kubwa ikinyesha Bukoba, maeneo ya chini kando ya Mto Kanoni hufurika. Baadhi ya sababu ni za asili: maji yanashuka kutoka milimani kwa kasi na mji uko karibu sawa na ziwa. Nyingine tumezitengeneza wenyewe.

Kila paa jipya na kila uwanja uliosakafiwa ni mahali ambapo maji hayanywi ardhini tena. Kila mlima uliokatwa miti hushusha udongo mtoni. Kila mtaro uliojaa chupa hurudisha maji barabarani. Na kila nyumba iliyojengwa ukingoni huubana mto.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Ni kama hatua themanini za mtu mzima.

Mpaka huo haukuwekwa kuwanyima watu ardhi. Matete, mafunjo na miti ya ukingoni huchuja udongo na uchafu kabla haujaingia majini, na bonde hutunza maji ya mafuriko yasifike sebuleni. Mwaka 2020 wengi waliona maana yake. Mei ya mwaka huo kina cha Ziwa Victoria kilipanda hadi karibu na rekodi ya 1964, na maji yakaingia kwenye nyumba, mialo na hoteli za kando ya ziwa Tanzania, Uganda na Kenya.

Utekelezaji wake ni mgumu. Ndani ya mita hizo kuna watu waliokaa miaka mingi, wengine kabla ya sheria. Kuna bustani za mboga zinazolisha mji. Halmashauri ikibomoa bila mazungumzo inazalisha kesi na umaskini. Ikinyamaza, kila mwaka nyumba zinaongezeka na gharama ya kuwaondoa watu inapanda. Jambo ambalo halmashauri inaweza kulifanya mapema ni kuweka alama za mpaka zinazoonekana na kukataa vibali vipya, ili anayenunua kiwanja leo ajue.

Kabla ya kununua kiwanja mjini au Muleba, fika ofisi ya ardhi uulize kama kiko ndani ya eneo la hifadhi ya mto au ziwa. Hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa haikulindi ukigundulika uko ndani ya mita 60.

Ziwa tunalolinywa

BUWASA huchota maji ya Ziwa Victoria, huyasafisha na kuyasambaza. Maji ya mitaro, vyoo vilivyofurika na madampo madogo yasiyo rasmi huishia ziwani humo humo. Kadiri ziwa linavyochafuka karibu na mji, ndivyo kusafisha maji kunavyogharimu zaidi, na gharama hiyo hulipwa na mteja. Kwa vijiji na visiwa vya Muleba ambako watu huchota moja kwa moja ziwani, hakuna mtambo wa kusafisha katikati.

Kuna mtihani mwingine ambao wazee wa mialo wanaukumbuka: gugu maji. Liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa kupitia Mto Kagera, na miaka ya 1990 likafunga mialo na njia za mitumbwi. Lilipungua baada ya wadudu maalumu wanaolila kuachiwa ziwani na baada ya hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Gugu maji hustawi kwa virutubisho vile vile tulivyovitaja: samadi, kinyesi na mabaki ya mazao. Rutuba inayokosekana kibanjani, ikifika majini inakuwa sumu.

Katikati ya miaka ya 2000 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilianzisha na serikali za nchi zetu mpango wa maji na usafi kwa miji ya kando ya Ziwa Victoria. Bukoba na Muleba zilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza, pamoja na Mutukula mpakani, Masaka na Kyotera za Uganda, na Kisii na Homa Bay za Kenya. Mpango huo uliunganisha maji, vyoo, taka na mitaro kwa pamoja, na kila mji ukawa na jukwaa la wadau ambamo wananchi walikaa na viongozi kupanga.

Somo lake lingali na maana. Bomba likiongezwa bila kufikiria majitaka, maji mengi yanayoingia nyumbani yanatoka kama uchafu mwingi. Nyumba nyingi za miji yetu hutumia choo cha shimo au shimo la majitaka, na ujazo wake lazima uzolewe na gari la kunyonya. Anayesubiri mvua ili afungulie choo mtaroni anakipeleka kwenye ndoo ya jirani.

Mifuko ya plastiki

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mtu anayepatikana nayo au akiitumia anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Anayeiuza adhabu yake ni kubwa zaidi. Rwanda ilitangulia 2008, na Kenya ilifuata Agosti 2017.

Mitaro yetu ilipata nafuu. Kilichobaki ni vifungashio vyepesi visivyo na mikono vinavyotumika kama mifuko, na chupa za maji na soda. Chupa zina wanunuzi, ila ni zikiwa safi na kavu. Tunarudi tena kwenye kutenga nyumbani.

Tunajifunza nini kwa wengine?

*Kampala.* Agosti 10, 2024 lundo la taka katika dampo la Kiteezi, lililotumika tangu miaka ya 1990, liliporomoka baada ya mvua na kufunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walifariki. Taka zinazooza zikirundikwa kwa miaka mingi hulowa, hutoa gesi na hupoteza uimara. Dampo la mji wenye mvua kama wetu ni jambo la usalama wa watu.

*Kigali.* Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja kwa watu wazima wote. Tanzania nayo ina usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulioanza baada ya kampeni ya Desemba 9, 2015. Tofauti iko kwenye ufuatiliaji: Rwanda kazi hupangwa na kuhesabiwa ngazi ya chini kabisa, na baada ya kazi watu hufanya mkutano.

*Moshi.* Mji huu umeshinda mara nyingi mashindano ya kitaifa ya usafi. Siri yake wakazi wanaijua: anayetupa ovyo hutozwa faini kweli, awe mwenyeji au mgeni.

*Kinondoni, Dar es Salaam.* Manispaa hiyo, kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masoko. Halmashauri ya Tanzania inaweza.

Muleba nayo inakua

Mji wa Muleba, na vituo vya biashara kama Kamachumu na Nshamba, viko pale ambapo miji mingi ilikuwa zamani: soko limekua, nyumba zimeongezeka, lakini bado pana nafasi. Huu ndio wakati wa bei nafuu. Kutenga kiwanja cha kuozeshea taka leo ni uamuzi wa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Baada ya miaka 10 itakuwa fidia.

Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Ajenda ya taka za gulio, mabaki ya samaki mwaloni au choo cha soko ina mahali pake pale.

Fedha: uliza haya

Usafi hushindikana mara nyingi kwa sababu watu hawalipi, na watu hawalipi kwa sababu hawaoni kazi. Mzunguko huo unakatwa kwa uwazi. Kama unalipa ada ya taka, una haki ya kujua:

- Ada hii imewekwa na sheria ndogo ipi, na ni kiasi gani kwa nyumba au duka langu?
- Je, nimepewa namba ya malipo au stakabadhi ya mashine? Usilipe mkononi bila stakabadhi.
- Gari au mzoaji anapita siku gani mtaani kwetu?
- Mwaka jana makusanyo yalikuwa kiasi gani na yalitumika vipi?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo hoja inayotolewa mkutanoni Novemba ina nafasi kubwa kuliko inayotolewa Juni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo huwekwa hadharani kila mwaka, hueleza pia hesabu za halmashauri. Diwani wako anapaswa kuweza kuijibia.

Uanzie wapi?

Ukiwa mjini: weka ndoo mbili jikoni, safisha mtaro ulio mbele yako kabla ya masika na vuli, na hudhuria mkutano wa mtaa.

Ukiwa mfanyabiashara wa ndizi: kata vikonyo na majani ya ziada shambani kabla ya kupakia. Mzigo unapungua uzito, nauli inashuka, na rutuba inabaki kwa mkulima.

Ukiwa mkulima: usikubali kikonyo kiondoke bure. Na kikundi cha mboji kikianza mjini, muulize kiongozi wake ametenga vipi na ameozesha kwa muda gani kabla hujanunua.

Ukiwa kiongozi: anza na soko moja, kizimba kimoja, na kikundi kimoja chenye mkataba. Kazi ikionekana, ada zitalipwa.